Pua Inavuta Kushoto

Chumba cha nyuma, nyumbani
Jumapili, tarehe 9, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa Shangazi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mto wangu wa kulalia. Nimemdanganya baba, na yeye amefurahi. Nitakueleza. Ila najua ukisoma barua isiyo na salamu utadhani nimelelewa porini, kwa hiyo kwanza: hujambo? Mgongo unaendeleaje, na zamu za usiku hapo wodini zimepungua? Sisi huku wazima. Mama ana mafua, na mdogo wangu Redio ameng'oka jino la mbele lakini bado anatangaza habari za watu kama kawaida.

Shuleni ningeandika haya kwa ile lugha nyingine, Kiingereza, maana kwa ile naweza kusema lolote bila uso kuwaka moto. Lakini baba ni baba kwa lugha hii.

Unajua tangu apate kile kiharusi kidogo hajarusha ndege. Labda hujaona simuleta, ule mchezo wa kurusha ndege, aliyoitengeneza sebuleni: kompyuta, kiti cha gari bovu, usukani, na pedali mbili alizochomelewa na fundi wa jirani. Humo kwenye skrini anarusha ndege ileile ya kazini, ya injini moja, yenye pangaboi puani. Ndege hiyo ina kisirani chake. Ukiipa injini nguvu nyingi ili ipae, pua inavuta kushoto, na rubani lazima akanyage pedali ya kulia ili iende moja kwa moja. Baba alinifundisha hilo zamani, miguu yangu ikiwa bado inaning'inia kitini: "Mkono ukiongeza, mguu wa kulia ujibu."

Basi mwezi uliopita ndege ya baba ikaanza kwenda majanini. Kila akitaka kupaa, kushoto. Kwanza alimshuku Redio kwamba amemwagia waya juisi. Redio akaapa mpaka majirani wakasikia. Kisha akanishuku mimi, na mimi nikishukiwa hata sijui kujitetea, nakaa tu kama mwizi. Mwisho akamwita fundi, akamwambia springi ya kulia imelegea. Fundi akalala chini, akaibonyeza kwa kiganja, akainuka akijipangusa magoti.

"Mzee, springi hii nzima. Labda ndege yako imelewa."

"Ndege hailewi, fundi. Kilicholewa ni kazi yako."

Wakacheka wote wawili. Lakini fundi alipokuwa anatoka alinitazama mimi, si baba, na wala hakuwa anacheka tena. Tangu hapo roho yangu haijatulia.

Baba alipoingia kuoga nikakaa kwenye kile kiti. Ndege ikanyooka kama uzi. Nikamwita Redio akanyage yeye, mimi nikashika usukani. Ikayumba kidogo, ikapaa. Sasa hizi pedali zinachagua mtu?

Hapo nikaanza kuchunguza, na sijivunii. Niligeuza viatu vyake mlangoni: cha kulia kimelika pale mbele kwenye kidole gumba, cha kushoto kizima. Nikagundua siku hizi anawahi kukaa mezani kabla yetu, na hainuki mpaka tutawanyike. Na akitaka kupaa anaweka mkono juu ya paja la kulia, kama mtu anayejikuna, anasukuma. Shangazi, wewe ni muuguzi. Sina haja ya kumalizia.

Ningesema, ila unanijua. Lakini siku moja ndege iliangukia mitini, baba akavua hedifoni akabaki anaitazama skrini. Mama akauliza toka jikoni, "Umefika, kapteni?" anavyomtania siku zote. Sikuweza kuvumilia kumwona vile. Alipotoka nikafungua mipangilio. Mle ndani kuna msaada kwa wanaojifunza: ukiuwasha, kompyuta inakanyaga pedali kwa niaba yako. Nikauwasha.

Ilinyooka, Shangazi! Alipaa, akazunguka, akatua, akapiga meza. "Mama watoto, njoo uone! Mguu umerudi!" Kumbe siku zote alijua si springi. Mama akalia kwa furaha. Mimi nikajifanya natafuta chaja.

Kesho yake akampigia bosi wake wa zamani. Alhamisi hii anakwenda kujaribiwa, kwenye ndege ya kweli. Karatasi ya daktari anayo, ila ni ya kabla mguu haujaanza mambo haya. Atakayemjaribu ni rafiki yake wa siku nyingi, na anayempenda mwenzake humtazama usoni, hatazami miguu. Akipita, nyuma yake watakaa abiria.

Na si hayo tu. Jana alipotua alisema bila kugeuka, "Ndege imetulia siku hizi. Mno."

"Labda umeizoea, baba."

"Labda."

Akaiweka tena mwanzo wa njia, akaongeza nguvu mpaka mwisho. Nikaona mguu wake wa kulia uko sakafuni, mbali kabisa na pedali. Ndege ikaenda moja kwa moja, ikapaa. Na leo asubuhi amepiga pasi lile shati jeupe la kazi. Sasa sijui nani anamdanganya nani humu ndani.

Nakuomba umpigie kabla ya Alhamisi. Wewe dada yake mkubwa ukimwambia avue kiatu, atavua. Barua hii nitaipiga picha niitume kwa simu ya mama, maana posta haitawahi, na kwa mdomo siwezi. Tafadhali usimwambie umesikia kwangu.

Nisalimie mumeo na wale mapacha wako, waambie chumba changu bado kina nafasi yao wakija. Mungu akupe siku nyepesi na wagonjwa wanaopona.

Ngoja. Kuna mtu kwenye korido. Hatua moja inapiga, ya pili inajiburuza.

Tangu nianze kuandika, kila nikisikia mlango nimekuwa nikiisukuma karatasi hii chini ya kitabu cha jiografia. Kitabu kiko hapa karibu na kiwiko. Shangazi, lile ombi la kunificha lifute: mwambie ni mimi. Sikigusi kitabu. Nimeigeuza karatasi, maandishi yaelekee mlangoni.

Ikikufikia, ujue baba ameisoma kwanza.

Akupendaye ingawa hajui kusema,
Yule uliyempa jina Kimya