Makofi Yangu ya Qurum

Jumatano, baada ya Maghrib

Na mimi ndiye niliyemsomesha Mama njia nzima, kutoka kwetu Darsait mpaka ukumbini Qurum. "Mama, leo si taarab. Hawa vijana wa Ujerumani wakipiga fidla, watu wananyamaza. Usinyanyuke kwenda kumtunza mtu pesa." Mama akasema haya, mkoba mapajani.

Fidla zikanyamaza, nikapiga makofi. Peke yangu, ukumbi mzima, mbele ya kamati iliyonichagua niwapeleke vijana wetu wa muziki mjini kwao Wajerumani mwezi wa saba. Kumbe muziki haujesha, wanapumzika tu.

Mama akaninong'oneza, "Mwanangu, si umetwambia tunyamaze? Mie nnanyamaza."

Fidla zikanyamaza tena, nikapiga tena. Nilidhani sasa umekwisha kweli.

Garini Greta, mpiga fidla tuliyepewa tumkaribishe nyumbani, akaniuliza kwa upole kama nilipiga makofi kwa sababu amekosea. Ningesema ukweli ningekufa? Nikamwambia ndiyo ada yetu hapa, muziki ukisita tunampigia mpigaji makofi kumpa moyo. Mama akageukia dirishani.

Greta amefurahi sana. Tangu tufike yuko kwenye simu, anawaeleza wenziwe mmoja mmoja.

Kesho ni zamu ya vijana wetu. Saidi anafungua kwa udi peke yake, anapiga kidogo anasita, anapiga kidogo anasita.

Na Wajerumani ishirini na wawili watakuwa wamekaa mbele, mikono tayari.