Vile Neema Anaanguka

Jumatatu, 5 Februari 1996

Nimeamka. Nimesalimia wote kwa zamu, kama kila asubuhi. Papa Neema, bwana yangu: ameitika bila kugeuka. Nyanya, mama yake: kikohozi kwanza, halafu Mungu asifiwe. Bosco, kijana wangu: ameuliza kama uji iko. Kadogo, mdogo wake: ameitika ndani ya shuka. Neema namwachaga mwisho. Roho inasimama mpaka aitike. Leo ameitika. Njo nimewasha moto.

Mvua tangu jana. Ukuta wa jikoni umevimba. Papa Neema anasema utashika. Mi nauangalia tu.

Jumanne, 6 Februari

Neema ameanguka tena. Bombani, mbele ya bantu. Amekakamaa, povu, macho meupe. Bamama wamevuta batoto wao nyuma. Wanasema mate yake inaambukiza. Hakuna aliyemshika. Nimefika mbio na unga mikononi, nimemshika mi. Alipoamka hakujua kitu. Ameniuliza kwa nini ndoo imemwagika.

Nimewaambia ni malaria. Hawajaamini.

Shule nimemzuia tangu Krismasi, batoto wasimuone. Yuko na miaka tisa, anakaa na Nyanya kuchambua maharagwe. Siwezi kuendelea hivi.

Alhamisi gari ya kambi yetu ya bakimbizi inapeleka bagonjwa Lilongwe. Karatasi ya ruhusa tuko nayo. Dokta wa kule anaongea Kingereza na Chichewa. Papa Zakaria, shemasi wetu, atatutafsiria. Mtu mzuri. Lakini ni mtoto wangu, nataka na mi nisikie kitu.

Jumatano, 7 Februari

Darasa la Kingereza kanisani. Mwalimu ni Mama Espérance, mushonaji, mtu wa Bukavu aliyeolewa na Mrundi. Nimemwomba neno la kuanguka. Moja tu.

Akacheka. Moja haiko. Kwao kila kitu kina kuanguka kwake. Motokari: break down. Kamba ikichoka: give way. Mpango ukifa: fall through. Mtihani: fail. Nyumba, ao mtu anayeenda chini mara moja: collapse. Mama Ancilla akauliza, na bwana yangu akitoka kwa pombe? Mama Espérance akasema, huyo ni yote pamoja. Tumecheka mpaka pasta akachungulia.

Sisi tuko na moja na linatutosha. Serikali inaanguka, bei inaanguka, mtoto anaanguka. Hawa wamekaa kitako wakapanga.

Nilifika darasa la tatu tu, lakini hili nimelishika. Collapse. Nimelisema nikisonga nsima, ugali wa huku. Nimeuambia hata ukuta. Tulipokaa kula ukuta ukaenda chini wote, na chungu yangu chini yake. Bosco akasema, Mama, hilo neno usiliseme karibu na nyumba. Papa Neema hakucheka. Yeye njo wa kufyatua matofali.

Alhamisi, 8 Februari

Lilongwe. Tumekaa kwenye benchi muda mrefu, bantu wa kambi wengi, wote wananijua. Dokta ni mama wa Kimalawi, bado kijana, miwani. Mlango ulibaki wazi.

Nimeeleza yote kwa Kiswahili: anakakamaa, povu, ulimi, hajui kitu. Papa Zakaria akatafsiri. Fupi sana. Nikasikiliza collapse. Hakuna. Hata fall hakuna. Nikasikia tired, kuchoka. Nikasikia food, chakula. Dokta akaanza kuandika.

Nikajua. Amemficha.

Nikasimama. Nikasema, no. She fall. She collapse. Not tired. Sauti kubwa, benchi yote ikageuka. Dokta akaniuliza kitu, sikuelewa, Kingereza changu kilikuwa kimeisha. Basi nikalala chini. Juu ya simenti, na kitenge changu cha kanisani. Nikakaza mikono, nikageuza shingo, nikapiga miguu vile anapiga. Mtu akacheka nje. Dokta hakucheka. Alipiga magoti akaangalia mikono yangu, akaweka kando ile karatasi aliyoanza kuandika.

Tuko na vidonge. Kila jioni, bila kukosa hata kama yuko muzima. Nimesema zikomo, asante yao, mpaka nimechoka.

Papa Zakaria ndani ya gari: "Mama Neema, nilitaka kumsitiri. Kesho atatafuta bwana, na bantu hawasahau."

Nimemwambia, bwana atakuja nyuma. Kwanza aishi.

Sina kasirani naye. Lakini Neema njia yote amegeukia dirisha. Hajawahi kujiona. Mi njo nimemuonyesha.

Ijumaa, 9 Februari

Nimesalimia kwa zamu. Neema hakuitika. Nikaruka. Alikuwa macho, anaangalia paa.

Akauliza, "Mama, njo vile niko?"

Njo vile.

"Mubaya hivyo?"

Nikamwambia, kule nimeonyesha nusu tu. Unaangukaga, halafu unaamka unaomba maji. Hiyo ya kuamka nimesahau kuonyesha. Akanicheka kidogo, akasema vile nilianguka kitenge kilipanda. Aibu. Lakini amecheka.

Jumapili, 11 Februari

Papa Zakaria amekuja kisha ibada, wakati bantu wote wanapita. Amekaa kwenye mkeka, ameosha mikono, amekula nsima kwa sahani moja na Neema. Polepole. Mama Ancilla ameona, na wengine.

Jumatatu, 19 Februari

Neema bado hajaanguka. Sijui kesho. Dokta alisema dawa inataka muda. Ukuta mpya umefika kiunoni.

Nimempeleka shule. Nimemwambia mwalimu ugonjwa kwa jina lake, kifafa, mlangoni, bila kushusha sauti. Halafu nikamwita Ancilla mdogo, mtoto wa Mama Ancilla, wanakaa benchi moja. Nikamfundisha: akianguka usikimbie, mugeuze ubavu, usimtie kitu mdomoni, halafu tuma mtu aniletee habari mbio. Mbio sana. Akasema, ndiyo Mama Neema.

Jua limefika katikati. Nimeketi jikoni, ukuta bado haujafika macho, naona njia yote mpaka shule. Hakuna anayekuja. Nachambua maharagwe.