Nimelipa Yote na Bado Nina Faini

Mdogo wangu mpendwa, Misumari,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na lile jino lililokuwa likikusumbua, umeling'oa au bado unalibembeleza? Sisi huku ni wazima kwa rehema za Mungu, au niseme wazima kwa sehemu kubwa, hayo mengine nitayafikia. Meza yako ya kukatia vitambaa bado iko pale dirishani karakanani, na hakuna ruhusa ya kuweka kikombe cha chai juu yake.

Ndugu yangu, kuna jambo limenivuruga kichwa, nalo ni kodi. Usicheke. Nimelipa yote, sikubakiza hata senti, na bado nimepigwa faini. Kila ninayemuuliza ananielewesha mpaka nazidi kutoelewa.

Ilianza hivi. Mwanzoni mwa mwaka jana ofisi ya kodi ilitaka niseme natarajia kupata kiasi gani mwaka mzima, halafu kodi yake igawanywe kwa awamu, niwe nalipa kidogo kidogo. Nikaona vigumu. Riziki ya mwaka ambao hata haujaanza nitaijuaje mimi? Nikasali. Nikaona nikitaja kikubwa nitakuwa najitapa mbele za Mungu, kama mtu anayechungulia fungu lake kabla hajagawiwa. Basi nikaandika kile kile cha mwaka uliotangulia, ule mwaka mbaya uliotufanya tuuze hata sponji za akiba, nikatoka pale na moyo mweupe.

Katikati ya mwaka Mungu akafungua mlango. Ile hoteli kubwa ya karibu na stesheni ikaniletea viti vya ukumbi wake wote, niving'oe vitambaa, nibadilishe sponji na springi, nivivalishe upya. Nilifanya kazi mpaka nikawa nakohoa pamba. Kila waliponilipa nilitenga ya serikali nikaipeleka benki, na sikuigusa hata paa la jiko lilipovujia kwenye sufuria. Zile awamu nazo nililipa kwa tarehe zake, kwa kiasi kile kile cha mwanzo, maana ndivyo tulivyopatana. Mwaka ulipoisha nikapiga hesabu, nikapeleka yote iliyobaki kwa mkupuo. Nilivaa na gauni langu la kijani. Nilidhani watanipa mkono.

Karani, mama mmoja wa rika langu aliyefunga miwani yake kwa kamba, aliipokea, kisha akaniambia kwa upole kwamba kuna na faini. Nikamwomba atazame tena, labda ananichanganya na jirani yangu fundi madirisha, maana anayedaiwa kule mtaani ni yeye. Akasema ni mimi. Nikamuuliza ni nini sikulipa, akasema nimelipa yote, ila nimechelewa. Nimechelewaje, nikauliza, na mwaka ndiyo kwanza umeisha? Akavua miwani, akanieleza kwamba fedha za hoteli ziliingia katikati ya mwaka, kwa hiyo na kodi yake ilitakiwa ianze kuingia tangu hapo. Nilipoona kazi imeongezeka ningerudi kurekebisha makadirio, awamu zilizobaki zingepanda, na faini isingekuwepo. Nikamwambia jamani, fedha zenyewe zilikuwa salama benki, hazikwenda kokote. Akajibu kwamba tatizo ndilo hilo, hazikwenda kokote. Waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, ingawa mpaka leo sijui nilikuwa nacheka nini.

Nyumbani shemeji yako akasema nimeadhibiwa kwa uaminifu. Fundi madirisha akaja kunipa pole meno yote nje, akisema yeye angalau anajua anadaiwa kwa nini. Aliyenisaidia kidogo ni kiongozi wetu wa ibada. Aliniuliza mteja akileta kochi, huwa namtajia kitambaa kitakachotosha kabla au baada ya kulifumua. Nikasema kabla. Na ukikuta ndani kumeoza? Nikasema namwita siku hiyo hiyo namwambia aongeze. Akasema basi na kodi ni hivyo, wala hakuna aliyeniomba nitabiri. Hapo nilielewa, kwa muda wa kutoka mlangoni kwake hadi kwangu.

Faini nimeshailipa. Haikuwa kubwa, iliniuma tu mahali pabaya. Kinachonitesa ni makadirio ya mwaka huu, ambayo yanatakiwa kabla mwezi haujaisha. Nilirudi kwa yule karani mwenyewe ili nisikosee tena. Akaniuliza kama hoteli itarudi. Nikasema wanataka, safari hii ni viti vya vyumba vyote na vichwa vya vitanda. Akashika kalamu akasema basi tuandike zaidi ya mwaka jana. Nami machozi yakanitoka pale pale dirishani kwake.

Misumari, ni mkono wangu wa kulia. Vidole vimekufa ganzi. Stapla inanidondoka, na juzi nilijichoma sindano ya kochi nikaiona damu kabla ya kusikia maumivu. Daktari anasema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kiwiko cha mkono, kwa miaka hii yote ya kuvuta vitambaa. Anataka kunipasua, kisha nipumzike muda mrefu, na hana uhakika kama nguvu zitarudi zote. Shemeji yako anajua mkono unauma tu. Habari ya kupasuliwa nimemwambia mtu wa kodi kabla ya mume wangu, hebu fikiria. Yule mama aliweka kalamu chini, akasema niende kwanza nikazungumze na ninaotakiwa kuzungumza nao, halafu nirudi.

Leo jioni nitamwambia shemeji yako. Na wewe ndiyo hivi nakuandikia, kwa vituo, usishangae mwandiko. Ukija kushika karakana tutaichukua kazi ya hoteli, na nitaandika kiasi kikubwa. Usipoweza, nitaandika kidogo na kuwaambia watafute fundi mwingine. Nimesali, na safari hii sijaona jibu, nimeona meza yako tu. Sikulazimishi. Najua una kazi yako huko na wifi ameshazoea.

Msalimie sana, na watoto wote uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mungu awalinde.

Tafadhali nijibu mapema, nijue niandike nini.

Dada yako,
Mama Makochi