Tangi Letu la Majani Haliondoki

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuanza kuongea na wewe bila hiyo.

Nimekaa sakafuni sebuleni, mgongo nimeegemeza kwenye tangi letu la kioo. Nimekaa hapa makusudi. Baba mdogo anataka kulichukua.

Unakumbuka ulivyoliunganisha, kwa vioo vya duka lililobomolewa pale Runzewe? Majirani walikuja kuona samaki, wakakuta majani uliyoyatoa ziwani, upande wa Chato. "Baba Kabula," jirani akakuambia, "wenzako wanafuga ng'ombe, wewe unafuga nyasi. Utakamua nini?" Walicheka wote. Mimi nilijificha nyuma ya mlango. Wewe ukaonyesha jani moja lililokuwa likitoa vipovu kwenye mwanga wa dirisha. "Pumzi," ukasema. "Hiyo ndiyo nakamua."

Nakumbuka pia tulivyokosea. Ulileta mchanga wa marudio kutoka mwaloni, kule kazini ulikooshea dhahabu, ule unaobaki baada ya dhahabu kukamatwa kwa zebaki. Ulikuwa laini, unapendeza. Tuliuosha mara tatu, tukautandaza chini ya majani. Siku ya tatu furu wetu wote wanne, samaki wadogo wa ziwani uliowaongeza baadaye, walikuwa wameelea tumbo juu, na majani yamelegea kama mchicha uliopikwa sana. Ulikaa na beseni la samaki hao mapajani. Halafu ukasema, "Mwanangu, nimewaletea zebaki ya kazini mpaka ndani." Tangu siku hiyo ukawa unavua nguo za kazi nje, na hukuturuhusu kuzifua.

Tulianza upya. Udongo wa kichuguu chini, mchanga wa mtoni juu, maji ya mvua. Ulinifundisha kupanda kila shina kwa vidole viwili, bila kubana mizizi. Majani yalishika. Kifua chako ndicho hakikushika, tukakuzika.

Sasa nimemaliza kidato cha nne. Shuleni sikuwahi kunyoosha mkono, hata jibu nikilijua. Mwalimu alipouliza jani linatoa nini kwenye mwanga, nilikuwa nimeviona vipovu nyumbani kila asubuhi, na bado nilinyamaza. Kunyamaza huko kunaniuma mpaka leo.

Jana baba mdogo alikuja. Akagonga kioo kwa pete yake. "Kioo kizuri hivi mmekijazia magugu? Hili ni kabati la kuuzia chipsi kabisa. Mwaga maji, Kabula."

Niliinuka, Baba. Nikachukua ndoo ya maji ya mvua, nikamimina. Ndani ya tangi. Mpaka juu kabisa.

"Baba mdogo," nikasema, "chai ipo jikoni. Tangi haliondoki."

"Unasemaje?"

"Haliondoki. Alilijenga baba, nalitunza mimi."

Akamgeukia mama. "Mama Kabula, huyu mtoto wako anaongea tangu lini?"

Mama hakuacha kuchambua mchele. "Tangu sasa hivi, shemeji. Umemsikia."

Amesema atarudi Jumamosi na mkokoteni, na watu wa kubeba. Na waje. Tangi likijaa, halinyanyuki bila kumwagwa, na wa kulimwaga itabidi aninyanyue mimi kwanza. Asubuhi ya leo nimepanda mashina sita mapya, kwa vidole viwili, kama ulivyonifundisha.

Pumzika, Baba. Huku tunakamua.

Binti yako,
Kabula