Nafasi ya Jina la Bahram

Jumatatu, 3 Rajabu

Baba amemaliza kuchora kigae cha kaburi la kaka Bahram. Maua pembeni, aya juu — katikati peupe, pa jina. Kanisogezea brashi. Kaniambia, "Andika wewe, mwanangu. Mwandiko wako siku hizi unasomeka." Zamani angesema kuku kapita kwenye tope! Leo hakutania.

Sikuandika. Nilisema nina kazi ya mwalimu.

Jumanne, 4 Rajabu

Mama hataki kusikia habari ya kigae. Mwenye nyumbu wa mizigo alituambia alimzika Bahram kwa mikono yake, nje ya mji wa Rayy, Wamongolia walipopita. Mama anasema wenye ndevu nyekundu kama za Bahram ni wengi. Mimi pia nasema hivyo, moyoni. Mtu anaweza kukosea.

Lakini tanuri linawashwa Alhamisi. Mwisho wa mwezi mwenye nyumbu anarudi Rayy, na kigae atakipeleka yeye; ndiye pekee anayelijua kaburi.

Jumatano, 5 Rajabu

Nimeandika. Herufi tano tu. Rangi ikiwa mbichi ni kahawia, haina uzuri. Moto ndio huigeuza iwe ya dhahabu. Baba aliitazama, akatoka nje.

Nilikwenda kuchota maji. Kurudi — jina halipo! Mama kalifuta kwa kidole gumba. Shangazi Turkan, dada yake Baba, alifoka: "Wifi, umewehuka? Kaburi la mtoto likae bubu?"

"Likishapita motoni halifutiki," Mama alisema. "Akirudi, je?"

Baba hakugomba. Alipangusa ile alama ya kidole polepole, kama anayempangusa mtoto uso.

Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo.

Alhamisi, 6 Rajabu

Vigae vyote vimeshaingia tanurini, kasoro kimoja. Baba anakanda udongo wa kuziba mlango. Hakuniomba tena.

Mama kaja nyuma yangu. Nilidhani atanigombeza.

"Jina lake linaanzaje?"

Mama hajui kusoma. Nilimchorea mchangani.

"Tena. Usinishike mkono."

Anaijaribu herufi ya kwanza. Mara ya nane sasa. Naandika hapa ili nisimkodolee macho. Baba ameita mara mbili!

"Mwambie baba yako asubiri."

Nimekwenda, nimemwambia. Hakuuliza anasubiri nini. Ameketi mlangoni mwa tanuri, udongo unamkaukia mikononi.

Niliporudi, Mama alikuwa ameipata ya kwanza. Zimebaki herufi nne.