Nilimpiga mkwe wangu ndani ya ndege kwa sababu ya televisheni

Mpendwa mshauri, nakuandikia kutoka Mpepai huku Mbinga, kama umenizidi umri pokea shikamoo yangu, kama ni mdogo basi nakusalimu kama mwanangu. Sisi hatujambo, mzee wangu Edmund hajambo ila mgongo, mama mkwe wangu Bibi Winifrida anakula vizuri na jicho limetulia, dada yangu Kunigunda tunayeishi naye hajambo, Ignatio wetu wa mwisho yuko shule, na kahawa tunachuma. Mimi ndiye nimekwama, naomba msaada wako.

Binti yangu Tadea yuko Ujerumani na mumewe Damiano, mtu wa Mbamba Bay, anasomea mambo ya misitu huko. Mwaka juzi Tadea alipokaribia kujifungua mtoto wa kwanza, Damiano alikuja kumzika baba yake, ikaamuliwa nirudi naye nikamwangalie mzazi. Sasa wewe unajua, kwetu mkwe na mama mkwe hawakai benchi moja, akipita huku mimi napita kule, hata chakula nampelekea kwa mkono wa mtu mwingine, lakini ndege ilijaa, tukapewa viti vilivyogusana, yeye dirishani, mimi katikati, na upande wa pili Mzungu mnene amelala. Nikajiambia nitatazama mbele tu mpaka tufike.

Kumbe mbele ndiko kwenye balaa. Mgongoni mwa kiti cha mbele kuna televisheni ndogo, inawaka yenyewe hujaiomba, na mwenye kiti akijilaza inakuja mpaka puani. Mwanzo ilionyesha ramani na kindege kinatambaa, nikaona afadhali, ingawa tulikaa saa nyingi na kindege hakisogei. Mara kiwiko changu kikagusa vitufe vilivyo kwenye mkono wa kiti, ramani ikaondoka ikaja sinema, mwanamke na mwanamume wanavuana nguo, na mimi nimekaa bega kwa bega na mkwe wangu. Nikabonyeza kitufe kimoja akaja mhudumu, nikabonyeza kingine ikawaka taa kichwani, nikaisukuma televisheni yenyewe kwa kidole, mwenye kiti cha mbele akageuka akanitazama vibaya. Nikatoa kitenge mabegani nikaifunika, mhudumu akakiondoa, akanikunjia vizuri mapajani, akatabasamu, akaenda zake, na wale watu bado wanaendelea. Nikafumba macho nikashika rozari.

Hapo Damiano akanyoosha mkono, ukapita juu ya mkono wangu kwenda kwenye vile vitufe, na mimi mshauri bila kufikiri nikampiga kofi la nguvu hapo hapo mkononi, watu wakageuka. Akasema taratibu, “Nilitaka kuizima tu, mama.” Akageukia dirishani, hatukusema tena mpaka tunashuka.

Miezi mitatu niliyokaa kwao alinisalimu akiwa mlangoni nami nikaitikia nikiwa jikoni, Tadea akadhani ndiyo heshima ya kwetu. Anayejua ni Kunigunda peke yake, naye alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa Tadea ana mimba tena, ile ya kwanza alipasuliwa na hata hii wamesema watampasua, mwezi wa tisa, na hana ndugu wa kike kule. Damiano anakuja mwezi ujao kwa mambo ya masomo, wanataka nirudi naye. Nikamwambia Tadea kwenye simu kwamba miguu inavimba, siwezi. Akauliza, “Mama, kwani humpendi mume wangu?” Nikasema simu inakatika. Nitakaaje tena kando ya mtoto wa watu saa zote zile, na lile lidude mbele yetu? Majina yabadili. Na unijibu upesi, maana tiketi inataka neno langu kabla mwezi haujaisha.

Mama Tadea, Mpepai

JIBU

Mama, shikamoo, mimi ndiye mdogo. Majina nimeyabadili, lakini uongo wa miguu nimeshindwa kuubadili. Miguu yako mizima. Umemwacha binti anakwenda kupasuliwa huku akiamini mama yake anamchukia mumewe, kisa sinema ambayo hata mwisho wake hukuuona.

Aibu yako naielewa, nami nina mkwe. Lakini fikiri kidogo juu ya Damiano. Naye alikuwa na televisheni yake usoni na mama mkwe begani, akatafuta njia ya kukustiri, akalipwa kofi. Miaka miwili sasa hajakusema kwa mkewe. Wewe unamwita mtoto wa watu. Mimi naona amekuheshimu kuliko ulivyomheshimu. Mwiko wa mkwe umewekwa ili watu wasivunjiane heshima, nawe umeufanya ukuta wa kujifichia kosa.

Kwa hiyo acha kusubiri. Damiano akifika, usimwite ukamkalisha mkaanza kutazamana, mtaongeza aibu. Umtume Kunigunda, akishamaliza kucheka, amwambie kwamba mama anaomba radhi kwa kofi lile, basi, asiongeze hadithi. Kwenye uwanja wa ndege, kabla hamjapewa namba za viti, Damiano aombe akae nyuma yako, ndege ikiwa imejaa abadilishane na abiria mwingine, watu hukubali. Ukishakaa, mwite mhudumu kwa makusudi, mwonyeshe ile televisheni, tikisa kichwa. Atakuzimia, ndiyo kazi yake. Ikiwaka tena, kitenge jifunike wewe macho. Chombo cha watu kiache wazi.

Tadea mwambie mwenyewe habari za kofi, asije akazisikia kwa mwingine. Atacheka, na kwa tumbo lile kicheko kitamfaa. Ila leo usianze na kofi. Mwambie kwanza kwamba mumewe unampenda na kwamba unakuja, halafu kaa kimya umsikilize. Mpigie kabla hujaukunja ukurasa huu.