Maikrowevu ya Rumu Inatoa Cheche, na Mwenye Makosa Ni Mimi

Shangazi Virginia, salamu kutoka Al Quoz, huku nchi za Waarabu, na unisamehe kwa kuandika vibaya, shule niliachia darasa la sita, na kuongea mbele ya watu mimi huwa siwezi kabisa, ndio maana nakuandikia kwa simu nikiwa kwa basi la kampuni. Mimi ni mlinzi, nakaa kampi ya wafanyakazi, rumu moja na watu watano, tuko na maikrowevu moja ya wote, na sasa ukiiwasha inapiga cheche kwa ukuta wa ndani upande wa kulia, na lawama imeangukia mtu hajafanya kitu.

Chakula cha kampuni huja kwa bakuli ya foili yenye kifuniko cha karatasi ngumu. Supavaiza alituambia foili isiingie kwa maikrowevu, na mimi hufuata, kwa hivyo hiyo asubuhi nimetoka kazi nikamwaga wali kwa sahani ya plastiki, halafu nikaufunika na kile kifuniko, nikijua karatasi haina shida. Nikasimama kutazama, kwa sababu napenda kutazama ikizunguka, huwa najiuliza moto wenyewe uko wapi, na mbona wali unachemka na sahani haishiki moto sana. Mara ta-ta-ta, mwanga wa buluu. Nikazima. Kugeuza kifuniko, kumbe upande wa ndani kimebandikwa foili. Hakukuwa na mtu. Nikakitupa, nikala wali baridi, nikalala.

Mchana Yekoniya, Mganda mpole analala kitanda cha chini yangu, akapasha samaki wake mkavu, cheche zikaruka watu wote wakiona. Fanuel, ndiye mkubwa wa rumu, akamwambia, "Wewe na hiyo samaki yako ya Jinja, umetuulia mashine." Yekoniya akasema ameweka samaki tu. Watu wakacheka. Tangu hiyo siku hakuna anayemwita kula, na Fanuel ameongea na watu wa ofisi ya kampi, Ijumaa Yekoniya anahamishwa rumu ingine. Wakati wanamcheka mimi nilikuwa nimekaa nafunga kamba za viatu. Nilizifunga mara tatu.

Nimeichunguza hiyo maikrowevu. Hapo kwa ukuta kuna kikaratasi cha kahawia, kigumu kama kadi, kina mafuta na kimeungua shimo. Nadhani shida iko nyuma yake. Nimeshatoa skrubu tatu za nyuma ya mashine, na ukweli ni kwamba nataka sana kuona ndani kuna nini. Umeme nimechomoa tangu jana kwa hivyo najua hakuna hatari. Nikiitengeneza kabla ya Ijumaa wataachana na Yekoniya, na mimi sitalazimika kusema kitu. Niendelee kufungua?

Mlinzi, Al Quoz

JIBU

Hapana. Rudisha hizo skrubu ukishuka tu kwa basi.

Nimempigia Taib, fundi wa vyombo vya umeme, na kabla sijamaliza kumsomea barua yako alikuwa amesema "mwambie aache" mara mbili. Ndani ya lile bati la nyuma kuna kifaa kinachoweka umeme hata mashine ikiwa imechomolewa, na umeme huo unaua mtu. Kuchomoa jana hakukusaidii. Huko ndani ni kwa fundi peke yake.

Lakini macho yako ni mazuri, kijana wangu. Hicho kikaratasi kinaitwa maika, na ndicho kilichoungua kwa cheche za foili yako, ndiyo maana hata samaki ikatoa cheche. Kinabadilishwa kupitia mlangoni, bila kugusa nyuma. Chomoa waya ukutani. Kitoe polepole, usikivunje, maana utakitumia kama kipimo. Duka la spea wana maika ya karatasi nzima, unakata kwa mkasi saizi ileile. Futa mafuta yote kwa kitambaa chenye unyevu, ukaushe vizuri, ubandike mpya. Kisha tia kikombe cha maji ndani, washa dakika moja, usiiwashe tupu. Cheche zikirudi, au ukikuta rangi ya ukuta imeungua hadi kwenye chuma, khalas, basi, muiache, au fundi aiangalie.

Na swali lako nalo lina jibu. Hakuna moto mle. Kuna mawimbi yanayotikisa maji yaliyo ndani ya chakula, na sahani ya plastiki haina maji.

Sasa Yekoniya. Kufunika wali kwa karatasi ni bahati mbaya, yeyote angekosea, na sikulaumu. Nakulaumu kwa hizo kamba za viatu. Ukitengeneza kwanza ukanyamaza, Fanuel atasema samaki iliharibu na wewe ukaokoa. Utasifiwa, mwenzako atabaki na jina la mharibifu popote atakapolala.

Huwezi kuongea mbele ya watu, sawa, usiongee mbele ya watu. Ongea na mtu mmoja. Kesho chakula kikija, chukua kifuniko, mfuate Fanuel akiwa peke yake, kigeuze aone foili, umwambie, "Ni mimi, si Yekoniya." Maneno manne. Atafoka, mwache afoke. Mwombe aende kwa watu wa kampi kufuta ule uhamisho, na umsindikize hadi mlangoni mwao, asije akasahau. Kisha mwendee Yekoniya, umwombe msamaha kabla hajasikia kwa mwingine.

Maika ununue baadaye. Nyinyi mnaweza kula wali baridi wiki nzima na hakuna atakayehama.